Mwandishi wenu amesahau kuuliza tunasoma faili gani

Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa teknolojia ulimshauri msomaji anayetaka kuanza kusoma vitabu kidijitali asijisumbue: anunue kishikwambi kidogo, yaishe, kwa sababu kifaa cha kusomea vitabu peke yake ni "kishikwambi kilichonyimwa kila kitu". Sentensi tamu, na ndiyo iliyonichokoza. Nimesoma prufu, yaani kusaka makosa kabla kitabu hakijachapwa, kwa miaka 29 na huu ni mwaka wangu wa nne tangu nistaafu, lakini kazi ile ina maradhi yake ambayo hayastaafu: ukiliona kosa huwezi kulipita kimya. Ninavyo vifaa vyote viwili, natumia vyote viwili kila siku, na naandika nikiwa na vyote viwili hapa mezani.

Kwa kuwa jina bado linatutatiza, hicho cha vitabu peke yake nitakiita kisomeo.

Nianze na kosa, nilitue. Makala ilisema utafiti umethibitisha kwamba visomeo huharibu usingizi. Utafiti wenyewe naujua, maana binti yangu aliwahi kunitumia ili aninyang'anye kifaa usiku. Ulichapishwa mwaka 2015 katika jarida la kisayansi la PNAS la Marekani. Watu 12 walikaa maabara. Kwa jioni tano mfululizo walisoma kitabu cha karatasi kwa muda wa saa nne kabla ya kulala, na kwa jioni nyingine tano wakasoma kwenye kifaa chenye mwanga. Siku za kifaa walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika 10, na homoni ya usingizi, melatonini, ilishuka. Ni kweli kichwa cha ripoti kinavitaja visomeo vinavyotoa mwanga. Lakini msomaji akivumilia hadi sehemu ya mbinu atakuta kwamba kifaa kilichotumika kilikuwa iPad, kishikwambi cha Apple, mwanga wake umefunguliwa hadi mwisho, ndani ya chumba chenye taa hafifu. Kwa hiyo shahidi aliyeletwa kukishitaki kisomeo alikuwa anakizungumzia kishikwambi. Sisemi kwamba kisomeo chenye taa hakina athari yoyote. Taa ni taa, na watu 12 ni wachache. Nasema tu kwamba kichwa cha habari si habari, na nyinyi mlio gazetini mnalijua hilo kuliko mimi.

Sasa vifaa vyenyewe.

Kishikwambi nilipewa na wanangu siku nilipoagwa kazini. Cha inchi nane, kizuri, picha zake zinang'aa. Nikakitumia kusomea riwaya kwa miezi saba na nikaanza kujishuku kwamba uzee umenifikia kichwani, kwa sababu nilikuwa nasahau wahusika. Nikimkuta mtu ukurasa wa 80, siwezi kusema alitokea wapi. Mtu aliyelipwa miaka yote hiyo kukumbuka kwamba shangazi aliyekuwa na macho makubwa ukurasa wa 12 hawezi kuwa na macho madogo ukurasa wa 210, anasahau shangazi mwenyewe!

Nikafanya nilichozoea kufanya. Nikaweka kipande cha karatasi pembeni na penseli, na kila nilipotoka kwenye kitabu kwa sababu yoyote nikachora mstari. Jioni ya kwanza nilisoma kwa saa mbili, nikamaliza kurasa 31, na karatasi ikawa na mistari 14. Sita ilikuwa ya kikundi cha familia. Mitatu ilikuwa kuangalia maana ya neno, jambo la halali kabisa, ila mara mbili kati ya hizo tatu sikurudi moja kwa moja; nilijikuta nasoma habari ya mtu aliyefuga mamba. Mstari mmoja ni programu iliyoomba isasishwe. Iliyobaki minne sikuweza kuieleza. Hakuna aliyeniita, nilitoka tu, kama mtu anayefungua kabati la jikoni halafu akasahau alichofuata.

Najua jibu la vijana: "Mama, zima arifa." Nilizizima. Mistari ikashuka hadi saba. Ile minne isiyo na sababu haikuondoka, kwa kuwa haikutokana na arifa. Ilitokana na mimi kujua kwamba mlango upo.

Kisomeo nilikipata kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu wa zamani aliyebadilisha chake. Cha inchi sita, rangi ya kijivu, ukikitazama unadhani ni kitu cha kupimia mita ya umeme. Siku ya pili nilikiacha mezani kikiwa kimefunguliwa, mwanangu wa mwisho akakichukua, akakibonyeza huku na huku.

"Mama, hiki kimekufa."

"Mbona maandishi yapo?"

"Yapo, lakini betri imekwisha kabisa."

Ndivyo kilivyo. Betri ilikuwa imekwisha na ukurasa umebaki palepale, unasomeka, ila haufunguki unaofuata. Hilo halitokei kwenye kishikwambi, na hapo ndipo penye tofauti ambayo mwandishi wenu aliipita aliposema vioo vyote siku hizi ni sawa. Kioo cha kawaida cha kishikwambi kina taa nyuma yake. Taa ikizimika, hamna kitu. Kisomeo kina wino halisi, wino wa kielektroniki: vidonge vidogo mno vyenye kimiminika, na ndani ya kila kidonge zinaelea chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji tofauti za umeme. Umeme ukipita, nyeusi hupanda juu au hushuka. Ukiisha kupita, chembe hukaa pale zilipo. Umeme unahitajika kufungua ukurasa, si kuushikilia. Wazo hili lilikuzwa katika chuo cha MIT kule Marekani na Joseph Jacobson na wanafunzi wake, kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997, Sony wakauza kisomeo cha kwanza cha wino huo Japani mwaka 2004, na Kindle ya kwanza, kisomeo cha kampuni ya Amazon, ikaja 2007. iPad ilikuja miaka mitatu baadaye. Nayataja haya kwa sababu makala ilieleza kana kwamba kisomeo ni kishikwambi kilichodumaa, wakati kisomeo cha wino kiliitangulia iPad, na kilitengenezwa na watu waliokuwa wanajaribu kuiga karatasi, si televisheni.

Kwa maisha ya kila siku hiyo ina maana kwamba changu nakichaji mara moja katika wiki tatu hivi, na kwamba nikikaa nje juani nasoma vizuri zaidi kuliko ndani, wakati kishikwambi juani kinanionyesha uso wangu na miwani yangu. Ni chepesi pia, hakifiki gramu 200 wakati kishikwambi kinapita 300. Gramu mia moja si kitu mpaka usome chali na usinzie. Taa yake ninayo. Iko pembezoni mwa kioo, inaumulika ukurasa kwa mbele kama taa ya mezani inavyomulika kitabu. Kama macho yanachoka kidogo zaidi kwenye kimoja kuliko kingine sitabishana na mtu, kwa sababu yangu huchoka popote nikikodoa saa tatu bila kupepesa. Mistari kwenye karatasi yangu, jioni ya kwanza ya kisomeo: mmoja. Nilikwenda kunywa maji.

Hapa msomaji atadhani nimemaliza na kisomeo kimeshinda. Bado.

Wenzangu wa zamani hawajaacha kunitumia miswada ili niipitie, na miswada huja kama PDF. Nilidhani nitaisoma kwenye kisomeo, nikaihamishia humo kwa furaha. Mhariri, niruhusu hesabu fupi ya watu wa uchapaji. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Kioo cha inchi sita kina upana wa milimita 90 na kidogo. Ukurasa mzima ukibanwa humo, kila kitu kinabaki chini ya nusu, na herufi ya pointi 12 inakuwa ya pointi 5, ile ya maelezo yanayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Unaweza kuikuza, ndiyo, lakini wino wa kielektroniki ni mzito kusogea. Ukivuta ukurasa kushoto kioo kinapepesa cheusi, kinasita, kisha kinakuletea sehemu usiyoitaka. Kusoma safu mbili za PDF kwenye kisomeo kidogo ni adhabu ambayo sikuwahi kuipata hata enzi za prufu za karatasi zilizolowa. Kwenye kishikwambi nakilaza tu: upana unakuwa milimita 170 hivi, herufi ya 12 inabaki karibu 10, naona chini kidogo ya nusu ukurasa kwa mara moja, natia alama nyekundu kwa kidole, natuma. Kazi imekwisha.

Kwa hiyo swali ambalo makala yenu haikuuliza, na ambalo mimi ningelitanguliza kabla ya bei na kabla ya inchi, ni hili: unachosoma kimeganda au kinatiririka? PDF imeganda. Ilibuniwa na Adobe mwaka 1993 ili ukurasa ufanane kila mahali, na uaminifu huo ndio ubishi wake. Haujali kioo chako kina ukubwa gani. EPUB inatiririka. Ni mkusanyiko wa kurasa kama zile za tovuti zilizofungwa katika kifurushi kimoja, na maandishi yake hujipanga upya kufuata upana wa kioo na ukubwa wa herufi unaoutaka. Anayesoma riwaya, hadithi na wasifu wa watu, vitu vinavyotiririka, kisomeo kitamtosha na kitambakishia akili yake. Mwanafunzi ambaye vitabu vyake vyote ni PDF zilizopigwa picha kurasa kwa kurasa, akinunua kisomeo kidogo kwa sababu mtu kamsifia wino, atakiweka droo mwezi wa pili. Vilevile mwenye kusoma ramani, vitabu vya picha vya watoto, majedwali. Visomeo vya rangi vipo, nimevishika. Kwa aina moja inayotumika sana herufi nyeusi hupata nukta 300 kwa inchi na rangi hupata 150 tu, na rangi zenyewe zinaonekana kama picha ya gazeti iliyokaa dirishani.

Lipo jambo la tatu ambalo sijaliona likiandikwa popote, nalo linatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili.

Vifaa hivi vyote havikututarajia. Chukua kukata maneno mwishoni mwa mstari. Kisomeo kidogo chenye herufi za ukubwa wa macho yangu kinaweka herufi kama 30 katika mstari mmoja. Neno "hawakumwandikishia" lina herufi 18. Lisipokatwa, linahamia mstari unaofuata na kuacha nyuma yake uwanja wa mpira, au, kama kifaa kinanyoosha kingo zote mbili, maneno mawili yaliyobaki yanasukumwa hadi pembe mbili za mstari kama waliogombana. Likikatwa, linakatwa na nani? Faili nyingi za Kiswahili nilizokutana nazo zimeandikwa ndani yake kwamba lugha ni Kiingereza, kwa sababu aliyezitengeneza hakubadilisha alichokikuta. Kifaa kinatii. Kinakata "am-baye". Kinakata "kin-yume". Mara ya kwanza nilipoona "wan-gu" nilikifunika kifaa nikatembea kidogo. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba silabi yetu kwa kawaida huishia na irabu na kwamba mb, ny na ng hazitenganishwi.

Nilifundishwa dawa, nayo ni ya bure. Kuna programu ya kompyuta inaitwa Calibre, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, ambayo hukuwezesha kuifungua EPUB na kubadilisha lugha yake kuwa Kiswahili. Nilipofanya hivyo kisomeo changu hakikujifunza kukata vizuri. Kiliacha kukata kabisa, kwa kuwa kanuni za Kiswahili hakina. Nikaondoa unyooshaji wa kingo ya kulia, mistari ikawa inaishia popote kama ya taipureta. Si nzuri. Lakini si makosa, na kwangu mimi hayo ni mambo mawili tofauti.

Kamusi je? Mwandishi wenu alisifu kwamba kwenye vifaa vyote viwili "unagusa neno, maana inatokea". Inatokea kwa anayesoma Kiingereza. Neno letu linaanza na nani, lini na nini kabla ya kufika kwenye lenyewe. Ukigusa "walipomtafutia", kifaa kinatafuta w, na kamusi zetu zimeliweka kwenye t, "tafuta". Ukigusa "ng'ombe", kisomeo changu kinashika "ombe" peke yake, kinafikiri ile alama ni uzio. Hapa kishikwambi kinashinda bila ubishi, si kwa akili zaidi bali kwa sababu kina nafasi ya kufungua programu ya kamusi pembeni ukaandika shina mwenyewe. Tena programu ya kusoma kwa sauti iliyomo kwenye kishikwambi changu inakijua Kiswahili, ingawa inatamka kama mtu anayesoma taarifa ya msiba asiyemfahamu marehemu. Dada yangu, ambaye macho yamemwishia, anasikiliza hivyo na hajalalamika. Kwake yeye habari za wino hazina maana yoyote, na ningemshangaa mtu anayemshauri kisomeo.

Kuhusu umiliki nitapita haraka, kwa kuwa halitofautishi kifaa na kifaa bali duka na duka. Mwaka 2009 Amazon walifuta kwa mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu walioisha kulipa, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa na mkuu wa kampuni akaomba radhi, lakini watu walijifunza kwamba rafu yao ina ufunguo wa pili. Februari 2025 kampuni hiyohiyo iliondoa njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kupitia kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Kishikwambi hapa kina heri kiasi, kwa sababu kinapokea programu za maduka mengi. Kisomeo mara nyingi huja kimeshaozeshwa kwa duka moja. Anayenunua aulize kwanza kimeolewa na nani.

Watu huniuliza, hasa wale wanaonikuta nasoma nje: Bi mkubwa, ninunue kipi? Zamani nilikuwa nahutubia. Siku hizi namwambia afungue simu yake anionyeshe vitu kumi vya mwisho alivyosoma hadi mwisho. Hadi mwisho, si alivyovipakua. Nikiona PDF saba namwambia kishikwambi, na kikubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, maana hicho kidogo mnachokisifu ndicho kinachobana PDF pia. Nikiona riwaya saba namwambia kisomeo, hata kilichotumika. Mmoja juzi hakuwa na hata kimoja alichokimaliza. Tuliangaliana, akacheka, nikamwambia asinunue kitu kwanza. Aanze na kitabu cha karatasi chembamba.

Sasa nije kwenu, maana sikuchukua kalamu kwa ajili ya mwandishi wenu peke yake. Toleo lenu la kidijitali, ambalo nalilipia, ni picha ya ukurasa wa gazeti. Ukurasa wa gazeti! Ambao hata kwenye mkono wa mtu mzima unahitaji kukunjwa mara mbili. Kwenye kisomeo changu safu ya barua za wasomaji inaonekana kama mstari wa siafu. Kwenye kishikwambi naivuta kwa vidole viwili, nasoma safu hadi chini, napanda juu kuitafuta inayofuata, napotea, natua kwenye tangazo. Sijui kama tangazo limelipiwa kwa hesabu hiyo.

Maandishi mnayo. Kabla hayajapangwa kwenye safu yalikuwa maandishi matupu kwenye kompyuta ya mtu, naye alikuwa na msoma prufu kama mimi. Naomba mtoe, pamoja na hiyo picha, toleo la pili lililo katika EPUB: habari, maoni na barua, bila mapambo. Mliweke alfajiri kama mnavyoweka lile jingine. Na kwenye ule mstari mmoja wa ndani unaosema lugha, mtu wenu aandike sw, yaani Kiswahili, badala ya kuacha alichokikuta.

Mkiichapa barua hii, itanibidi niisome kwenye kishikwambi, kikiwa kimelazwa. Makosa ya tahajia mtakayoyakuta ni yangu, niyakubali mapema. Lakini nikikuta "am-baye" mwishoni mwa mstari, nitaandika tena.

Msoma prufu mstaafu